Anayepinga Asimame

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alifanya kazi tatu kwa mpangilio usiobadilika. Alitia tone la mafuta katika magurudumu ya kiti cha baba yake, akakaza breki kwa spana ndogo, kisha akafungua mlango wa nyuma na kukisukuma kiti hadi kichochoroni. Kutoka hapo baba hakutaka msaada. Alizungusha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe hadi kwenye safu ya maduka, ambako alikuwa na meza ya kutengenezea fremu za picha na vioo.

Baba huyo alikuwa seremala wa mapaa hadi alipoanguka kutoka juu ya ghala na kuvunjika uti wa mgongo. Nyumba yao ilikuwa imejengwa mteremkoni. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi ya vidato kumi na moja, iliyoteremka wima hadi ukingoni mwa barabara ya malori. Mlango wa nyuma ulifunguka sawasawa na ardhi ya kichochoro. Kwa mtu mwenye miguu, milango ilikuwa miwili. Kwa baba, mlango ulikuwa mmoja tu.

Kichochoro hicho ndicho kilicholeta balaa. Alfajiri moja mwenye bucha alikuwa akipita humo kwenda kupokea nyama, wezi wawili wakamvamia kwa nondo. Walimvunja taya na meno matatu, wakamwacha amelala kifudifudi katika maji machafu. Msichana huyo ndiye aliyemkuta alipofungua mlango wa nyuma kulipokucha. Aliliona jino moja limelala peke yake juu ya saruji, jeupe, na mzizi wake mwekundu. Tangu siku hiyo mwenye bucha alitembea na kisu kiunoni, na haja yake ilikuwa moja: kichochoro kizibwe kwa ukuta pande zote mbili.

“Wakijenga ukuta, utapita wapi, baba?” binti aliuliza.

“Nitatokea dirishani, kama paka.”

“Baba, sitanii.”

“Hata mimi sitanii. Jumamosi nitapanda mkutanoni nikawaambie.”

Kupanda lilikuwa neno zito. Chama cha Wamiliki wa Nyumba kilikutana katika ukumbi wa orofani, juu ya maduka. Ngazi yake ilikuwa na vidato ishirini na sita na kona moja iliyobana. Kwa miaka mitatu, tangu aanguke, baba hakuwa amehudhuria. Binti ndiye aliyekwenda, akaketi nje ya mlango, akasikiliza, kisha akarudi kumsimulia neno kwa neno. Ndiyo maana majirani walimwita Redio. Lakini Redio aliweza kuleta habari tu. Hakuweza kupeleka kauli ya baba yake, kwa kuwa kanuni ilisema kwamba asiyekuwepo hana kura wala mjumbe.

Kura nayo ilipigwa kwa namna ambayo wamiliki hao waliizoea hata wakaacha kuiona. Mwenyekiti, askari jela mstaafu ambaye mgongo wake haukujua kupinda, alisoma pendekezo, kisha akatamka maneno mawili: “Anayepinga asimame.” Waliosimama walihesabiwa kuwa wamekataa. Waliobaki wameketi walihesabiwa kuwa wamekubali. Fundi cherehani, ambaye alikuwa kiziwi tangu utotoni, alihudhuria kila mkutano na kukaa benchi la mbele ili atazame midomo ya wasemaji. Kwa kuwa mwenyekiti alisema huku ameinamia kitabu, fundi hakujua wakati wa kusimama, wala hakujua kwa nini wengine husimama. Katika miaka tisa hakusimama hata mara moja.

“Yule ni mtu mwema mno,” watu walisema. “Hapingi kitu.”

Jumamosi ilipofika, mwoka mikate na mdogo wake walikuja kumpandisha baba pamoja na kiti chake. Mwoka mikate aliupinga ukuta kwa nguvu zote, maana mikokoteni yake ya mikate ilipita kichochoroni.

“Mshike vizuri,” alimwambia mdogo wake. “Huyu si gunia la unga.”

“Gunia la unga halina maneno,” mdogo wake akajibu. “Huyu tangu kidato cha kwanza anatusahihisha.”

Walicheka wote watatu, hata walipofika kwenye kona. Hapo ukingo wa ukuta uliligonga goti la baba kwa kishindo. Redio, aliyekuwa nyuma na mto wa kiti, aliona doa jeusi likikua kwenye suruali.

“Baba, goti linatoka damu.”

“Acha litoke. Mimi na hilo goti hatusalimiani siku hizi.”

Lakini hakucheka tena. Alipowekwa ndani ya ukumbi, jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Kiti hakikuweza kupita kati ya mabenchi, kwa hiyo baba na Redio waliketishwa mbele kabisa, kando ya meza ya mwenyekiti, karibu na fundi cherehani. Juu ya meza kulikuwa na kitabu cha kumbukumbu na kengele ya shaba yenye mpini.

Mwenye bucha alisema kwanza. Taya lake lilikuwa limepona upande, na maneno yalitoka yakivuja. “Nyinyi mnazungumzia njia. Mimi nazungumzia meno yangu. Mnangoja nani auawe ndipo mjenge?”

“Na mtu mzima afungiwe ndani kama mbuzi?” mwoka mikate akauliza kutoka nyuma.

“Usijifiche nyuma ya kiti cha mgonjwa. Wewe unalilia mikokoteni yako.”

Mwenyekiti aligonga kengele. “Hatukuja kubishana. Tumekuja kupiga kura. Ukuta ujengwe. Anayepinga asimame.”

Mabenchi yalilia. Mwenyekiti alihesabu kwa kidole, bila haraka. “Waliosimama, kumi na watano. Waliokaa, kumi na sita. Ukuta umepita.”

Baba alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo. “Mwenyekiti, mimi napinga.”

“Nimekuhesabu.”

“Umenihesabu miongoni mwa waliokubali. Mimi napinga.”

“Kanuni ni kusimama.”

“Unajua hali ya miguu yangu.”

“Kanuni haijui miguu ya mtu,” mwenyekiti akasema, naye akafungua kitabu.

Mwoka mikate alipita juu ya benchi. “Bwana jela, hapa si kifungoni. Futa hesabu hiyo.”

“Kaa chini,” mwenye bucha akamwambia, akamsukuma kifuani.

Jambo lililofuata halikuchukua dakika tano. Mwoka mikate alimpiga mwenye bucha ngumi kwenye taya lile lile lililokuwa limevunjwa. Mwenye bucha akapiga yowe ambalo Redio hakuwahi kusikia likitoka kwa mtu mzima. Ndugu wa huyu na marafiki wa yule wakaingiliana. Benchi liliinuliwa likashushwa juu ya mabega ya mtu. Mama mmoja alivutwa nywele hadi akapiga magoti. Mtu aliyekuwa akirudi kinyumenyume alikiangukia kiti cha baba, kiti kikapinduka, na baba akamwagika sakafuni kwa bega, shavu lake kwenye vumbi. Alijaribu kujiinua kwa viwiko. Kiatu kilimkanyaga mgongoni, akalala tena.

Redio aliita jina la Mungu, hakuna aliyesikia. Hapo mwenyekiti, akitaka kukiokoa kitabu chake, aliweka kengele mezani, akainua mguu, na kuivuka miguu ya baba kama mtu avukavyo gogo lililoanguka njiani.

Redio aliishika kengele. Aliirusha kwa nguvu zake zote. Ilimpiga mwenyekiti juu ya jicho, ngozi ikafunguka, na damu ikashuka usoni mwake mfano wa pazia. Kengele ililia mara moja sakafuni, ikabingirika hadi miguuni mwa fundi cherehani.

Fundi aliinama, akaiokota, ili airudishe mezani.

Waliogeuka kwa mlio huo walimwona mwenyekiti anavuja damu, na mbele yake mtu ameshika kengele yenye damu.

“Iweke chini,” mmoja alipaza sauti.

Fundi hakusikia. Aliisogeza kengele mbele ili aikabidhi.

“Iweke chini, wewe.”

Hakusikia. Walimwangukia. Alipigwa kichwani, mbavuni, na tumboni. Hata alipokuwa chini aliendelea kuishika kengele, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa namna anayoielewa kwamba aiachilie. Mwishowe mwenye bucha, mdomo wake umejaa damu na macho yake hayaoni ila wezi wa alfajiri ile, aliukanyaga mkono huo kwa kisigino, mara mbili. Mifupa ilisikika.

Redio alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti kilichopinduka. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Mkutano ulivunjika kabla uamuzi haujaandikwa, na kwa desturi yao jambo lisiloandikwa kitabuni halijaamuliwa. Mwenyekiti, kitambaa usoni, alitangaza kwamba kura itarudiwa Jumamosi ijayo. Siku hiyo hiyo fundi cherehani angefukuzwa chamani na kukabidhiwa polisi.

Walipomshusha baba, mwoka mikate alimvuta Redio kando chini ya ngazi. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

“Nilikuona,” alisema kwa sauti ya chini. “Sikulaumu. Lakini funga kinywa chako, mwanangu. Wakijua ni binti wa seremala aliyempasua mwenyekiti, hakuna atakayesimama tena kwa ajili ya baba yako. Atazikwa ndani ya nyumba yake akiwa hai. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Fundi ni mtu mzima. Atapona.”

Kwa siku nne Redio hakusema neno lisilo la lazima. “Redio imeisha betri?” majirani walitania. Shuleni, wakati wa mapumziko, wavulana walikuwa wamebuni mchezo mpya walioupa jina la mkutano. Mmoja alikuwa mwenyekiti, mwingine alijifanya kiziwi, akazungukazunguka akitoa sauti za ajabu huku wenzake wakimpiga kwa madaftari.

“Iweke chini, bubu wee,” walikuwa wakiimba.

“Acheni,” Redio alisema.

“Kwani yeye ni mjomba wako?”

Alimpiga ngumi ya pua yule aliyejifanya kiziwi. Mvulana alianguka, Redio akamfuata chini na kuendelea kumpiga, hadi mwalimu alipomnyanyua kwa ukosi wa sare.

“Umempigia nini mwenzako?”

“Amemwigiza fundi, mwalimu.”

“Kuigiza ni utovu wa adabu. Kupiga hivi ni kitu kingine. Huyo fundi umemfanyia nini hata akuchome hivi?”

Mwalimu aliuliza bila kujua alichouliza. Redio alitazama damu kwenye vifundo vya vidole vyake.

Jioni hiyo, walipokuwa mezani, mama yake, aliyekuwa muuguzi, alieleza habari za kazini. “Leo nimemfunga fundi plasta mpya. Vidole viwili vimevunjika, na mfupa mmoja wa kiganja. Ule ndio mkono wake wa kuzungushia cherehani. Kalamu hawezi kuishika, na wa kushoto hajauzoeza kuandika. Na kuna jambo alilokuwa akinionyesha kwa mkono wa kushoto, tena na tena, mpaka machozi yakamtoka. Sikumwelewa. Nilikuwa na wagonjwa kumi wanaosubiri, nikamwita anayefuata.”

“Alionyesha vipi?” baba aliuliza.

“Hivi.” Mama alinyosha kiganja usawa wa kifua chake, kama mtu anayepima urefu wa mtoto. Kisha akafanya ishara ya kurusha kitu.

Kijiko kilimtoka Redio mkononi.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. “Sema,” alisema.

Alisema yote: kengele, mwenyekiti, mwoka mikate chini ya ngazi. Mama aliweka mikono yake usoni. Baba hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Redio zaidi.

“Walipokuwa wakimpiga fundi, ulikuwa wapi?”

“Nyuma ya kiti chako.”

“Ukasema nini?”

“Sikusema kitu, baba.”

“Kurusha ni hasira ya sekunde moja. Kunyamaza umenyamaza siku nne, ukalala, ukaamka, ukala.”

“Niliogopa watakufungia ndani. Nikisema, utakosa njia.”

“Njia ya kupita juu ya mkono wa fundi siitaki,” baba alisema. “Kesho ukitoka shule utanipeleka kwa mwenyekiti.”

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa na vidato vitano mbele ya mlango. Redio alimwacha baba chini, akapanda, akabisha hodi. Mwenyekiti alitoka na nyuzi sita juu ya jicho lililofumba kwa uvimbe.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Unataka nini?”

“Kengele niliirusha mimi. Fundi aliiokota tu.”

Mzee alisimama kama aliyepigwa mara ya pili. Kisha uso ukamjaa damu, akainua mkono juu, wazi, mkono uliowatia watu adabu kwa miaka thelathini. Redio alifumba macho wala hakurudi nyuma.

“Mwenyekiti,” baba aliita kutoka chini. “Binti yangu amekosa, na nimemleta aadhibiwe. Lakini kama ni kumpiga, mshushe umpigie huku nilipo. Mimi siwezi kupanda huko kukuzuia.”

Mkono ulibaki juu. Mwenyekiti alimtazama mtu aliyekaa chini ya vidato vyake, mita mbili tu, ambaye hakuweza kumfikia mwanawe mwenyewe. Mkono ukashuka. Alivishuka vidato kimoja kimoja, akaketi juu ya cha mwisho, hata macho yake yakalingana na ya baba.

“Nilijua kwamba unapinga,” alisema hatimaye. “Nilikuona umeinua mkono.”

“Basi kwa nini?”

“Kanuni.”

“Nani aliiandika?”

“Mimi.” Mzee aligusa nyuzi zake. “Gerezani tulihesabu wafungwa asubuhi na jioni. Wote huchuchumaa. Aliyechuchumaa amehesabika, hana neno. Anayesimama ndiye mwenye shida. Miaka thelathini nilihesabu hivyo. Nilipochaguliwa mwenyekiti, sikujua namna nyingine ya kuhesabu watu.”

“Sisi si wafungwa wako, mzee wangu.”

“Ndiyo,” mwenyekiti alisema. “Naona hivyo sasa. Hebu twende kwa fundi.”

Kibanda cha fundi cherehani kilikuwa kwenye safu ya maduka. Alikuwa ameketi bila kazi mbele ya cherehani ya mkono, plasta yake juu ya meza na jicho moja jekundu. Alipomwona mwenyekiti, aliinuka upesi na kurudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

Redio alichukua kipande cha chaki ya ushonaji, na juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani aliandika: *Mimi ndiye niliyerusha. Nisamehe.*

Fundi alisoma. Alichukua chaki kwa mkono wa kushoto, na kwa herufi zilizopinda aliandika: *Mbona hukusema siku ile?*

*Niliogopa.*

*Hata mimi niliogopa,* fundi aliandika. Akafikiri kidogo, akaongeza: *Walikuwa wakigombania nini?*

Mtu huyo alikuwa amevunjwa mkono katika ugomvi ambao mpaka saa ile hakujua habari zake. Mwenyekiti alichukua chaki, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa daftari la gereza: *Ukuta wa kichochoro. Kura ilikuwa 15 kwa 16.*

*Mimi nilihesabiwa wapi?*

Chaki ilisimama juu ya kitambaa. *Waliokubali,* mwenyekiti aliandika.

Fundi alilitazama neno hilo. Aliwanyoshea vidole vitano vya mkono wa kushoto, kisha vinne, akauliza kwa uso. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Naam, miaka yote tisa. Fundi alilifuta neno kwa kiwiko, polepole, hata kitambaa kikabaki na ukungu mweupe, kisha akawaonyesha mlango.

Jumamosi mkutano haukufanyika orofani. Mwenyekiti aliomba darasa la shule lililokuwa sawa na ardhi na lenye mlango mpana. Madawati yalipangwa duara, katikati pakaachwa nafasi ya kiti kupita. Redio alisimama ubaoni, kwa kuwa adhabu aliyopewa ilikuwa hiyo: katika kila mkutano, kwa mwaka mzima, angeandika yote yasemwayo ili fundi asome, bila kuruka neno. Fundi alikuwa amefika, akakaa mbali na wote, mgongo wake ukutani.

Neno la kwanza alilolazimika kuandika lilimhusu yeye mwenyewe. Mwenyekiti aliinua uso, akasema taratibu, “Aliyenijeruhi ni binti wa seremala. Fundi cherehani hakuwa na kosa. Nilimhukumu bila kumuuliza.” Redio aliandika yote, hata maneno “binti wa seremala”.

Darasa lilinung'unika. Mwoka mikate alitazama sakafu. Mwenye bucha ndiye aliyesimama.

“Mtoto amesema lake,” alisema. “Na mimi niseme langu. Mkono wa fundi niliuvunja mimi. Nilikuwa naona nondo tu.” Alimgeukia fundi, akakumbuka, akangoja Redio amalize kuandika. “Mpaka upone, nitakuja kukuzungushia cherehani.”

“Kwa mikono hiyo?” mdogo wa mwoka mikate aliuliza. “Atashona mahema sasa.”

Kicheko kilipita. Fundi alisoma ubao, akaitazama mikono ya mwenye bucha, wala hakucheka. Lakini baada ya kitambo aliitikia kwa kichwa.

Baba aliomba kusema. Alisogeza kiti chake hadi katikati, mbele ya mwenye bucha.

“Ndugu yangu, wewe unataka ukuta?”

“Nataka nitoke nyumbani kwangu bila hofu.”

“Mimi nataka nitoke tu nyumbani kwangu. Hayo si maneno ya maadui. Tuweke mageti mawili ya chuma, marefu, yenye kufuli. Kila mmiliki apewe ufunguo. Mimi nitapima upana, ili kiti kipite na mkokoteni upite.”

“Mwizi ataruka.”

“Hata ukuta hurukwa. Geti utaona anayesimama nyuma yake. Ukuta hutaona.”

Mwenye bucha alijishika taya. Hakusema kwamba amekubali.

Safari hii hakuna aliyeambiwa asimame. Karatasi ndogo ziligawanywa, na sanduku la viatu likapelekwa kwa kila mtu mahali alipoketi. Katibu wa chama alihesabu mbele ya macho yao: ukuta, kumi na moja, mageti, ishirini. Redio aliandika tarakimu hizo ubaoni, na hakuna aliyejua karatasi ya nani ilikuwa ipi.

Fundi cherehani alikuwa bado anaandika kitu kwa mkono wa kushoto. Alimpa Redio karatasi aisome. *Napinga jambo moja,* ilisema. *Mikutano isifanyike Jumamosi mchana. Huo ndio wakati wangu wa wateja. Nimekuwa nikipoteza wateja miaka tisa kuja kuwaangalia mkisimama na kukaa.*

Waliguna, kisha wakahamisha mkutano hadi Jumapili alasiri.

Redio alimsukuma baba yake kurudi nyumbani kwa njia ya kichochoro. Alikuwa na furaha iliyomwia vigumu kuificha.

“Baba, tumeshinda.”

“Simamisha kiti,” baba alisema. Redio alivuta breki, akaja mbele yake. “Kama ukuta ungepita leo kwa kura zilizohesabiwa kwa haki, ningefungiwa ndani, na ningekasirika, lakini nisingekuwa nimedhulumiwa. Siku ile nilidhulumiwa. Wajua kwa nini?”

“Kwa sababu hukuweza kusimama, na mwenyekiti akasema umekubali.”

“Na ikakuuma.”

“Iliniuma sana, baba.”

“Ikakuuma hata ukapasua kichwa cha mzee. Sasa nisikilize, na usisahau utakapokuwa mtu mzima mwenye nyumba na kura yako. Dakika ile ile, mtu mwingine alikuwa amelala sakafuni, hakuweza kusema kwamba hakutenda. Wewe ulijua. Ukanyamaza, naye akahesabiwa kuwa mwenye kosa. Mwenyekiti alichukua udhaifu wa miguu yangu, wewe ukachukua udhaifu wa masikio ya fundi. Mimi sioni tofauti kati yenu.”

Redio alijaribu kutafuta tofauti, hakuiona.

“Hata mimi siioni,” alisema.

“Vema. Mwenye kuona hivyo hatarudia.” Baba aliachilia breki mwenyewe. “Sasa kalete futi ya kupimia. Kichochoro hiki kina upana gani?”